Waya Mweusi Ni Nyutro au Fezi?

Fundi wa stima akifungua paneli ya mashine katika kiwanda cha Kisumu akakuta waya mweusi, auchukulie vipi? Ikiwa mashine ilifungwa nyaya kwa desturi ya zamani ya Uingereza, ambayo Kenya iliirithi, huo ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, na fezi, yaani nyaya zinazoleta umeme, ni nyekundu, njano na buluu. Katika desturi ya Ulaya, ambayo Uingereza yenyewe ilianza kuitumia mwaka 2004 na kuifanya ya lazima 2006, mweusi ni fezi, na buluu sasa ni nyutro. Halafu kuna mashine za China, ambako fezi ni njano, kijani na nyekundu. Kijani! Rangi aliyofunzwa fundi wetu kuwa ni athi, waya wa ulinzi, hapo imebeba umeme. Kwenye fezi tatu za volti 415, kosa hilo linaua.

Ndiyo maana naunga mkono kanuni moja ya rangi za nyaya kwa mashine zote. Tena ipo tayari: kanuni ya kimataifa ya IEC 60204-1, inayohusu umeme wa mashine, inapendekeza nyeusi kwa nyaya za nguvu, nyekundu kwa saketi za kuongozea mashine za AC (mkondo geu), buluu kwa zile za DC (mkondo mnyoofu). Ninayoithamini zaidi ni rangi ya chungwa, ya nyaya zinazobaki na umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa, kama za taa ya ndani ya paneli. Fundi aliyekwisha kuzima swichi kuu hushika bila wasiwasi, na ni hapo anapohitaji kuonywa.

Wanaopinga nao wana sababu. Viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil vilijengwa miaka ya 1960. Kung'oa nyaya za kinu kizima ni kukisimamisha, na miwa ikishakatwa haisubiri. Sukari yake hupungua kila siku inapolala. Kwenye kisiagi cha mahindi, vumbi na joto hufubaza rangi zote. Pia mota ikiungua jioni, fundi hufunga waya uliopo dukani.

Hoja yao inayonigusa zaidi ni kwamba rangi ikiaminiwa sana, testa, kifaa cha kupimia kama waya una umeme, hubaki mfukoni. Hilo ni kweli, na kanuni haiwezi kulitibu.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa kuliko zote ni paneli iliyobadilishwa nusu. Mashine mpya zifuate kanuni. Za zamani zibaki na rangi zao zote mpaka zifungwe upya kabisa, na mlango wa paneli uandikwe ni desturi gani iliyomo. Athi pekee isisubiri: iwe kijani chenye mstari wa njano kila mahali, kwa sababu hata asiyetofautisha nyekundu na kijani huuona ule mstari. Na kila waya uvishwe pete yenye namba ileile ncha zote mbili. Pete hizo ni za bei ndogo, na rangi ikishafubaa na mchoro ukapotea, fundi wa zamu ya usiku bado atajua waya unatoka wapi na unaishia wapi.