Boti ya Florida kwenye kusi la Mtwara

Ukali wa boti haupimwi kwa mwendo wake wa mwisho. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu boti za senta konsoli, zile zenye usukani katikati na nafasi ya kuzunguka pande zote, huanza na swali moja: inakimbia ngapi? Video anazotazama zimepigwa Florida au Bahama, maji yamelala, dereva kasukuma mkono wa gesi hadi mwisho. Kwangu mimi boti kali ni ile inayoshika noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) saa nane mchana, mwezi wa saba, nje ya Msangamkuu, Mtwara, upepo wa kusi ukiwa umekaza, na abiria wakashuka bila kujishika viuno.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya mpwa wangu aliye Dar es Salaam. Yeye na mwenzake wanataka boti ya kuwatoa wageni kuvua jodari, nguru na nduaro kutoka Mikindani, na mara mojamoja kuwafikisha Kilwa kutazama magofu. Ni wazo zuri. Bahari yetu inazama haraka; huhitaji kwenda mbali kupata maji ya kina kirefu, tofauti na sehemu nyingi ambako nahodha huchoma mafuta masaa kabla mshipi haujaingia majini. Lakini aliponitumia majina ya chapa alizochuja, "Shikamoo mjomba, nimebaki na Contender, Yellowfin na Midnight Express, ipi kali?", nikaona anachagua boti ya bahari nyingine.

Bahari ya huku ina tabia zake. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na hapa na Cabo Delgado, ukagawanyika: tawi moja hushuka Msumbiji, jingine hupanda kupitia Mtwara, Lindi na Kilwa kuelekea Mafia na Zanzibar. Wakati wa kusi tawi letu hupata nguvu, noti tatu na zaidi. Upepo na mkondo vikienda njia moja, wimbi linakuwa kubwa lakini refu, na nahodha mwenye subira huliweza. Kaskazi likiingia, upepo unashuka huku mkondo bado unapanda, vinagongana, wimbi linakuwa fupi na limesimama. Watu husema kaskazi ni msimu wa raha. Kwa mwendo wa tanga sawa, lakini kwa boti inayokwenda noti 30 wimbi fupi ndilo linalotenganisha faiba na mbavu zake. Ongeza bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji yote hayo lazima yatoke kwenye milango ya ghuba zetu. Yakitoka huku upepo wa alasiri unaingia, pale mlangoni ndipo utajua umenunua nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulinganisha ni tumbo la boti, yaani ile V ya chini na pembe yake inapofika tezini, yaani nyuma ya boti. Boti nyingi za mashindano za leo zina deni kwa mchoraji wa Marekani Ray Hunt, aliyechora bodi, yaani kiwiliwili cha boti, yenye V kali inayoendelea hadi nyuma bila kulainika. Mwaka 1960 boti ya Richard Bertram yenye umbo hilo, Moppie, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau siku ambayo bahari ilikuwa mbaya kweli. Umbo lile lilijipatia jina kwenye maji machafuko, na ndiyo maana naliheshimu.

Contender, iliyoanzishwa mwaka 1984, hutengeneza boti zenye pembe ya digrii 24.5 kule nyuma. Regulator wa North Carolina wanashika 24. Grady-White, pia wa North Carolina, hulainisha zaidi kuelekea nyuma, kwenye digrii 20 hivi, na V inazidi kuchongoka kadiri unavyokwenda omo, yaani mbele. Tofauti hiyo ya digrii nne si ya karatasi tu. V kali inapasua wimbi badala ya kulipiga, lakini ukizima injini na kuelea ili wageni wavue, inayumba kushoto na kulia mpaka watu wanatapika juu ya chambo. Bodi iliyolainika nyuma inatulia ukisimama, na ukikimbia inakupiga zaidi. Mpwa wangu anafanya biashara ya wageni, wengi hawajawahi kukanyaga boti. Hapa Grady-White ana hoja ambayo mashabiki wa kasi hawaisemi.

Kuna na suala la ngazi. Contender za aina ya ST, na Yellowfin wanaojengwa Florida tangu 1998, zina ngazi zilizokatwa chini ya bodi. Hewa inaingia pale, faiba inayogusa maji inapungua, boti inakwenda kasi zaidi kwa mafuta yaleyale. Ni ufundi mzuri sana na sina la kuubeza. Shida yake ni mbili kwa mazingira yetu. Boti ya ngazi inataka nahodha anayejua kunyanyua na kushusha omo. Akiingia kwenye kona kwa kasi omo ikiwa imezamishwa, nyuma inaweza kuachia ghafla na boti ikazunguka. Manahodha wetu ni hodari, wanajua mwamba wa Msimbati ulipo usiku bila taa, lakini wengi wamekulia kwenye boti za injini ya nguvu farasi 40 na hakuna wa kuwafundisha jambo hilo hapa. Pili, huku boti hulazwa mchangani maji yakipwa. Bodi ya V ya kawaida hukaa juu ya mkuku wake, ule uti wa chini. Bodi ya ngazi uzito wake hukusanyika kwenye kingo za zile ngazi. Kama huna trela nzuri au gati la kudumu, usiinunue.

Midnight Express ni chapa ya kustahi. Boti zao kubwa zinabeba injini nne au zaidi na zinapita maili 70 kwa saa. Zimetengenezwa kwa ubora ambao ukiugusa kwa mkono unauona. Lakini piga hesabu. Injini ya petroli ikisukumwa hadi mwisho hutumia karibu lita 38 kwa saa kwa kila nguvu farasi 100. Injini nne za 450 ni zaidi ya lita 600 kwa saa. Hapa kwetu mafuta ya boti ndogo yanakuja kwa madumu kutoka kituo cha barabarani, yanamiminwa kwa mikono, na kila dumu ni nafasi mpya ya maji na mchanga kuingia tangini. Sisemi mtu asiwe na boti hiyo. Nasema isiwe boti ya kwanza ya vijana wawili wanaoanza biashara Mikindani.

Nilimwambia aongeze majina mengine kwenye orodha. Boston Whaler wapo tangu 1958 na bodi yao imejazwa povu gumu kati ya ngozi mbili za faiba. Mwaka 1961 waliikata boti kwa msumeno mbele ya kamera, vipande vikaelea. Kwa anayebeba watu, hilo lina uzito kuliko noti kumi za ziada. Ukinunua iliyotumika, ipime kwa mzani kabla hujalipa, maana povu likishanywa maji halikauki kirahisi, na mafundi wa faiba wa huku hawana mazoea nalo. Zipo pia boti za matumbo mawili. Freeman wa South Carolina ndio wanaosifiwa sana Marekani, lakini karibu zaidi na sisi kuna Waafrika Kusini wenye boti kama Butt Cat, ndugu wa zile zinazovuka mawimbi ya ufukweni KwaZulu-Natal, ambako sehemu nyingi hazina bandari ya kujifichia. Matumbo mawili yanakwenda laini dhidi ya wimbi na yanatulia boti ikiwa imesimama. Na kuna Silvercraft za Gulf Craft, kampuni ya Falme za Kiarabu iliyoanza mwaka 1982. Hazina jina la kutisha mitandaoni, ila zimejengwa kwa ajili ya joto, chumvi na kazi, na njia ya meli kutoka Dubai hadi Dar es Salaam ni fupi sana ukilinganisha na kutoka Miami.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, injini. Watu hubishania bodi wiki nzima halafu wanakubali injini yoyote iliyokuja nayo. Bodi nzuri ya faiba inaweza kuishi miaka 30. Injini ndiyo itakayokuacha katikati ya mkondo.

Nenda pale Feri Mtwara asubuhi boti zinaposhusha samaki, au soko la Kilwa Masoko, utazame nyuma ya kila boti. Yamaha za mipigo miwili, zile unazochanganya petroli na oili, zimejaa. Fundi anaifungua akiwa amekaa juu ya dumu, ana kabureta ya akiba mfukoni. Elimu hiyo ni mali ya mji. Injini za boti tunazozungumzia hapa ni kitu kingine: mipigo minne, V6 ya 300 au V8 ya 425 na kuendelea, kompyuta ndani, na wakati mwingine fundi hawezi hata kujua ugonjwa bila kompyuta yake mwenyewe na programu ya kampuni. Mercury wana V12 ya nguvu farasi 600, lita 7.6, iliyotoka mwaka 2021, ambayo sehemu yake ya chini peke yake ndiyo inayogeuka kuongoza boti. Ni kazi ya akili kubwa, lakini fundi wa kuigusa kati ya Mtwara na Lindi simjui.

Halafu chapa za injini hufa. Mwaka 2020 Evinrude walifunga baada ya zaidi ya karne moja ya kutengeneza injini za nje, na Seven Marine, waliokuwa na mnyama wa nguvu farasi 627, nao wakaisha mwaka huohuo. Waliokuwa nazo Marekani bado wanapata spea kwa kuhangaika. Wewe wa Mtwara utazipata wapi?

Kwa hiyo ushauri niliompa mpwa wangu umepangwa kinyume na orodha yake. Kwanza atafute fundi. Amtembelee, aone ana kompyuta ya kupimia injini gani, ana spea gani kwenye kabati: impela ya pampu ya maji, chujio la mafuta, plagi, termostati. Kama ni Yamaha anunue Yamaha, kama ni Suzuki anunue Suzuki. Injini ziwe mbili, za 200 hadi 300, ili moja ikifa nyingine imrudishe. Kisha ndipo atafute bodi ya futi 28 hadi 32 isiyo na ngazi inayokubali injini hizo. Boti ya futi 32 yenye 300 mbili, ikitembea mwendo wake wa kati, hutumia kama lita 80 kwa saa. Mikindani hadi Kilwa Masoko ni takribani maili 90 za baharini, karibu lita 300 kwenda tu, na bado kusi linamsubiri wakati wa kurudi. Bei ya safari ya mgeni ianzie hapo.

Kwa majina, chaguo langu la kwanza ni Regulator au Grady-White iliyotumika, yenye saa chache za injini na kumbukumbu za matengenezo. Fedha zikiwa pungufu, Silvercraft mpya kabla ya boti ya Marekani iliyochoka. Contender nitamkubalia akipata ya zamani isiyo na ngazi, na zipo nyingi nzuri. Yellowfin angoje mpaka apate nahodha aliyeiendesha.

Ada na ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, aviweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na redio ya VHF, majaketi yanayotosha watoto pia, na chujio kubwa la kutenganisha maji na petroli kwa kila injini. Kama itambidi kupunguza kitu ili apate hayo, apunguze nguvu ya injini. Na propela za akiba anunue mbili kwa kila injini, za alumini, maana ikigonga mwamba ni afadhali ipindike yenyewe kuliko shafti ya giaboksi.