Sheli Shusha!

Kwanza kabisa, sikupigwa na mtoto. Ile sauti ya dakika mbili inayozunguka kwenye kundi la mtaa tangu jana jioni, ambayo mtu anasimulia huku akicheka mpaka anakohoa kwamba "jamaa kazimishwa na dogo wa darasa la tatu", ni uongo mtupu. Dogo alinigusa bega. Kwa kidole kimoja. Aliyerekodi tunafanya naye mazoezi pamoja, jina nalihifadhi, mwenyewe anajijua na deni langu analijua.

Ukweli ni mbaya zaidi, ila ni wangu. Bora niuseme mwenyewe.

Mnakumbuka nilivyoingia karate. Ni ile siku niliyogombana na konda kwa chenji ya mia mbili, mpaka abiria wakagawanyika pande mbili na bibi mmoja akatoa mia mbili yake ili gari liondoke. Jioni nikapita kupima presha. Dada wa famasi akatazama kipimo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kipimo. "Kaka, una mawazo?" Nikamwambia nina konda. Akasema nitafute kitu cha kunituliza. Wengine hutafuta mke wa pili, mimi nikatafuta sensei.

Na sensei wetu kwa utulivu ni hatari. Ukimwendea unataka kujifunza kupiga watu, anakurudisha nyumbani. Ana hadithi yake ya Funakoshi, yule mwalimu aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, tumeisikia mpaka watoto wanaimalizia wao. Kauli anayoipenda ni kwamba karate haianzi kushambulia. Hata kata ya kwanza, yaani ule mpangilio wa hatua za kukinga na kupiga, Heian Shodan, anasema hiyo Heian ni amani na utulivu. Nimeihesabu: hatua 21, ngumi saba za mbele, na moja ya kushuka kama nyundo. Ndiyo amani yenyewe hiyo.

Ila kilichonipendeza mimi ni mokuso. Mwanzo na mwisho wa mazoezi mnapiga magoti, makalio juu ya visigino, macho mnafumba, mnahesabu pumzi. Miezi minne nimehesabu pumzi. Nyumbani nikawa mtu wa kusema "mke wangu, vuta pumzi kwanza", mpaka siku moja akanirushia kanda mbili.

Sasa jana ulikuwa mtihani wa mikanda. Na juzi usiku jirani yangu kaweka kigodoro, ile ngoma ya kukesha. Wa Buguruni wenzangu, tunaoshukia kituo cha Sheli, hawahitaji maelezo. Spika zilielekezwa dirishani kwangu, kama mimi ndiye mgeni rasmi. Zilizimwa saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi niko ukumbini nimevaa nyeupe.

Mtihani wenyewe nilifanya vizuri, na hiyo sehemu nashangaa haimo kwenye ile sauti. Kata nimepiga, yowe nimetoa mahali pake. Mtahini alikuwa mzee mgeni, mkanda wake mweusi umechakaa mpaka unarudi kuwa mweupe. Akaitikia kwa kichwa kidogo, nikajua mambo safi. Kisha tukapanga mstari wa kufunga. Mnakaa kwa mikanda, kwa hiyo sisi weupe tuko mkiani: mimi, miaka 38 na kitambi, katikati ya watoto ambao bado wanang'oka meno. Nyuma yetu wazazi kwenye viti vya plastiki, na huyo rafiki yangu.

"Mokuso!"

Nikafumba macho. Moja. Mbili. Zile mpira za sakafuni ni za kuunganisha, zina herufi, nilikuwa nimekalia P. Tatu. Feni inalia nyii, nyii. Nne. Mzee mgeni anapenda mokuso ndefu, hilo hatukuambiwa. Tano. Miguu ikaanza kuwasha, kisha ikaacha kuwasha, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sita.

Saba siikumbuki.

Ninachokumbuka ni feni kugeuka injini. Nimekaa siti ya dirishani, upepo mzuri, konda yuleyule wa mia mbili ila leo ana adabu, ananiita mheshimiwa. Nikasema kumbe karate inafanya kazi. Mara bega likaguswa.

"Anko. Anko, tumemaliza."

Tumemaliza! Yaani nimepitilizwa! Jamani, nikavuta pumzi kutoka tumboni, vilevile tulivyofundishwa, nikaitoa yote:

"SHELI SHUSHAAAA!"

Ukumbi kimya. Na mimi sikuishia hapo. Nikainuka nishuke, mkono wa kulia unapapasa paja kutafuta mfuko wa nauli. Hizo nguo hazina mfuko. Nikapapasa upande wa pili. Hapo macho yakafunguka, nikaona mikanda, nikaona wazazi, nikamwona sensei amefumba macho upya, na akili ikaniambia kaa chini. Lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi zamani. Nilikuwa nimesimama kwa imani tu. Goti la kushoto likaondoka, la kulia likalifuata, nikaenda mbele hatua tatu ambazo hazimo kwenye kata yoyote, nikatua kifudifudi miguuni kwa mzee mgeni, paji la uso sakafuni.

Mzee akadhani namsujudia. Akainama naye, kwa heshima zote, akanijibu kikarate: "Oss."

Mimi kwa kuchanganyikiwa: "Shikamoo."

Mzazi mmoja alitoka nje kabisa.

Basi. Mkanda wa njano nimepewa, sijui kwa huruma au kwa yowe. Sensei kaniambia taratibu kwamba usingizi nao ni utulivu, ila nisikorome. Kumbe nilikoroma pia. Nanyi mnaouliza mbona sikujizuia, nawajibu kwa kauli ya sensei: sikumshambulia mtu, niliomba kushuka tu. Na stika mnazonitumia tangu usiku nazihesabu, kama pumzi.

Leo asubuhi nimepanda daladala. Tumekaribia Buguruni, nimefungua mdomo, nikawaza itakuwaje kama humu ndani kuna mtu wa kundi la mtaa. Nikafunga. Sheli ikapita naiona. Nimekuja kushuka Tazara pamoja na wengine walioshuka kwa hiari yao.

"Kaka," konda akaniambia, "si ungesema shusha?"

Nikamtazama tu.