Kabla ya Kamera, Masalkheri

Wapiga picha wengi wanaofika Unguja huishia Mji Mkongwe: milango ya nakshi, vichochoro, Forodhani jua likizama, basi. Sina ugomvi na Mji Mkongwe. Umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na unastahili. Lakini anayetaka kupiga picha za watu wakiwa katika shughuli zao, avuke barabara pale Darajani baada ya Alasiri, ashike njia ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Mkono wa bahari uliotenganisha pande hizi mbili ulifukiwa zamani, ila kamera nyingi bado haziuvuki.

Jua la kwetu halichelewi. Likishatua, una dakika ishirini hivi kabla ya giza kutanda, na hapo ndipo Michenzani, huko huko Ng'ambo, inapopendeza. Yale majumba marefu ya ghorofa, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, juu yanabaki na mwanga wa mbingu, chini taa za vibanda zimeshawaka. Flashi situmii kabisa, inamshtua mtu na inaua mwanga wa mkaa. Kwa lenzi ya milimita 35 na kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde, mkono wa muuza mishkaki anayepepea jiko hutoka na ukungu. Mimi nauacha hivyo hivyo, maana ndivyo anavyopepea.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Wapo wanaoshikilia kwamba ukiomba ruhusa umeshaiharibu picha, eti watu watajipanga na kutabasamu. Siafiki hata kidogo. Nikifika penye baraza, pale watu wanapokaa nje ya nyumba kuzungumza, natoa salamu, naomba kahawa na kashata, nakaa. Kamera iko mapajani, kila mtu anaiona. Nasema wazi kwamba napiga picha za mtaa. Mwanzo wananitazama, mmoja anaweka kofia sawa. Muuza kahawa akishapita na dele lake la kahawa mara ya pili, mabishano ya mpira yamepamba moto na hakuna anayenikumbuka. Picha ninazozipenda zote zimetoka hapo, hakuna hata moja niliyoiiba kwa kujibanza nyuma ya gari.

Na anayekataa, amekataa. Bi mkubwa mmoja muuza urojo aliniambia, "Mimi usinipige, mwanangu. Piga sufuria langu." Nikapiga alichoniruhusu: rojo la manjano likimiminwa juu ya kachori na bajia, kisha chipsi za muhogo, chatne, pilipili, mvuke ukipanda mbele ya balbu. Uso wake haumo. Wa mtaa ule wakiiona wanajua mara moja ni bakuli la nani. Kwa watoto nakuwa mkali zaidi: mzazi hayupo, sipigi, hata wakinizunguka na kunisihi.

Tuna mfano mzuri nyumbani. Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na watu wa mji huu wakawa wanakwenda kwake wamevaa vizuri, kwa hiari yao, kisha wanarudi nyumbani na picha mkononi. Siku hizi picha zetu zinapigwa kwa maelfu na kuondoka na ndege, na aliyepigwa haioni hata mara moja. Hilo silikubali. Picha ikitoka vizuri, nasafisha nakala ya karatasi na kumpelekea mwenyewe. Gharama yake si kubwa.

Ningependa vijana wa Kikwajuni, Miembeni na Rahaleo waifanye kazi hii, tena mapema. Nyumba za zamani za Ng'ambo zinavunjwa, maghorofa yanapanda, na kila nyumba ikiondoka baraza lake linaondoka nayo. Simu nzuri inatosha kuanzia. Kijana aanze na baraza la mtaani kwake, anakojulikana ni mtoto wa nani, na ambako akikosea adabu ataambiwa papo hapo.