Kifungua Mlango

Ngazi za mbele za nyumba yetu, Ngamiani, Tanga, alizijenga marehemu baba mwaka 1971 kwa mikono yake mwenyewe na mchanga wa ufukweni. Mchanga wa ufukweni ulikuwa wa bure, na baba alipenda vya bure. Watoto tuko sita. Tabia hiyo nimeirithi mimi peke yangu. Ile chumvi ilikaa mle ndani miaka na miaka ikila nondo kimyakimya. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikishavimba zege halina pa kwenda, linapasuka. Kufikia mwaka jana zilikuwa zimebaki na sura ya mkate wa mofa uliotafunwa na panya.

Halafu barabara nayo ilikuwa imepanda. Kila ilipomwagiwa moramu, kidato cha chini kilizama kidogo, mpaka kikabaki na kimo cha inchi 3. Cha pili kilikuwa inchi 7, cha tatu 7 na nusu, cha juu kabisa 8 na nusu. Sisi tuliozaliwa mle tulipanda usiku bila taa, miguu ilikuwa imeshahifadhi kama juzuu. Mgeni ndiye aliyeanguka. Baba alizipenda hivyo hivyo. Alikuwa akisimulia habari za mwizi aliyeingia akabeba redio, akatoka mbio akitanguliza kidevu, na redio ikaokotwa barabarani ikiendelea kutoa taarifa ya habari. Baada ya hapo baba alipanda vipande vya chupa juu ya ukuta wa uani na kuweka geti la grili mlango wa mbele. Yashike hayo mawili, nitayarudia.

Mama alinipigia simu nikiwa Dar. "Mwanangu, Jumapili ijayo wanaleta mahari ya mtoto wa marehemu kaka yako. Wana mzee wao ana goti bovu. Zile ngazi zikimwangusha watasema tumemtega."

Kwa kuwa kaka ametangulia, mimi baba mdogo ndiye mwenye shughuli. Nikachukua likizo ya siku 5 nikapanda basi. Kazi yangu ni uhasibu, ila simu ilikuwa na bando. Mpaka Chalinze nilikuwa nimeangalia video tatu za kujenga ngazi. Tulipofika Segera nilikuwa fundi. Muheza nilishuka kununua machungwa nikiwa injinia.

Niseme na hili, kwa sababu lilinirudi: sikuwa nimemkubali yule kijana. Anachomelea mageti pale Makorora. Kwenye kikao cha familia nilisimama nikauliza kama mtoto wetu amesomea diploma ili aje kuhesabu cheche. Mjomba akaniambia, "Wewe kaa chini." Nikakaa, lakini ile orodha ya mahari niliiandika mimi, na kalamu yangu haikuwa na huruma: mkaja wa mama, kilemba cha babu, na kifungua mlango laki mbili. Mjomba alikiona kile kifungua mlango akakuna kichwa.

Fundi aliyeletwa alikuwa mzee mkimya, kofia ya kiua, penseli sikioni. Alikunjua futi kamba toka barabarani mpaka pale mbele ya geti, akasoma inchi 26. Akasema, "Vidato vinne. Kila kimoja sita na nusu."

Nikasema, "Saba."

"Kwa nini saba?"

"Ndicho kipimo chake."

Akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani. "Bosi, saba mara nne ni 28."

"Mzee wangu, mimi ni mhasibu."

Akarudisha penseli sikioni. Nusu inchi kwa kidato! Nani anagombana kwa nusu inchi?

Kubomoa tulipanga iwe kazi ya asubuhi moja. Ikala siku mbili. Zile ngazi zilizokuwa zikimong'onyoka zenyewe kila ukizifagia, kumbe ndani zilikuwa zimekataa kufa. Saidia fundi alivunja mipini miwili ya nyundo, akaenda kuazima mtaimbo, mtaimbo ukapinda. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita, na kifusi kikawa mlima. Fundi akashauri tukitumie kujazia chini, kisha tumwage zege juu, tutaokoa hata mifuko miwili ya saruji. Nikakataa. Video zilikuwa zimesema zege, hazikusema kifusi. Nikanunua mifuko 6, mchanga wa mto, kokoto, tukachanganya moja kwa mbili kwa nne. Kifusi je? Mwenye kirikuu alitaka elfu hamsini kukitupa. Damu ya baba ikanichemka. Nikamwambia saidia fundi, "Kirundike uchochoroni nyuma, Jumatatu tutajua." Akakirundika. Alikiegemeza kwenye mlango wa uani.

Mlango wa uani ni wa bati na unafungukia nje, kwa sababu ndani yake pamesimama simtanki.

Zege tulimwaga Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ndani kulikuwa na wanawake 11: mama, shangazi wawili, bibi harusi, na majirani waliokuja kumenya vitunguu na kulala hukohuko. Mama alikuwa amelifunga geti ili watoto wasitoke wakakanyaga. Fundi alipofika kidato cha juu alisita, akanyoosha mwiko kuelekea chini ya grili. "Bosi. Na geti?"

Nilikuwa kwenye simu nabishana na mtu wa viti vya kukodi. Nikapunga mkono. "Malizia, mzee, giza linaingia."

Akamalizia. Akapiga niru mpaka pakang'aa kama sinia. Kazi safi, sitaki kumsingizia mtu.

Usiku nililala barazani na fimbo, nalinda. Walikuja mbuzi, nikawafukuza. Alikuja paka nikiwa nimesinzia. Nyayo zake nne ziko pale mpaka leo, amepanda vizuri bila kujikwaa. Alfajiri nikasikia maji yanamwagika. Mama alikuwa nyuma ya grili na kopo, anamwagilia kupitia matunduni, kwa sababu nilikuwa nimemwambia zege linyweshwe siku 7.

"Mwanangu, hili geti halifunguki."

"Sukuma, mama."

"Nimesukuma."

"Basi vuta."

"Baba, linafungukia huko uliko wewe."

Nikainama. Miguu sita ya chuma ya lile geti ilikuwa imezama ndani ya zege inchi moja na nusu, imeshikwa kama meno kwenye ufizi. Baba alikuwa ameliacha likielea nusu inchi juu ya kidato cha zamani. Mimi nimepandisha inchi mbili. Ile hesabu ninayoifanya kila siku ofisini kwa mashine, nikaifanya pale kwa vidole, na jibu halikubadilika.

"Piteni uani," nikasema.

Ukapita muda. Nikasikia bati linagongwa. Mama akarudi. "Na uani kuna nini?"

Nikakimbia kuzunguka nyuma. Kifusi kilikuwa karibu tani mbili, na mapande mengine yalikuwa makubwa kama mtungi wa gesi. Saidia fundi hapokei simu. Ukutani chupa za baba zinameremeta kwa jua la asubuhi. Harufu ya pilau inapanda. Saa mbili kasoro, wageni saa nne.

Nikampigia fundi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuuliza, bosi." Kisha akaniambia yuko njiani kwenda msibani Pangani.

Mjomba akafika na kanzu yake ya idi. Akataka tuling'oe geti kwenye bawaba. Bawaba zimechomelewa, baba hakuacha mwanya. Nikasema tuchimbue kwa tindo taratibu. Mjomba akagonga mara moja tu, kikabanduka kipande cha niru cha upana wa kiganja, nikapiga yowe ambalo majirani walidhani ni msiba. Nilikuwa nimekesha na lile zege. Tukakubaliana tuanze na kifusi, na tulikuwa tumehamisha pengine robo yake, kanzu ya Mjomba imeshakuwa rangi ya kijivu, tuliposikia huko mbele: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Na mama, mwanamke aliyelelewa vizuri, akajibu toka ndani kwa sauti ya furaha, "Karibuni! Piteni ndani!"

Kimya. Tulipochomoza kona, wanaume tisa walikuwa wamesimama mbele ya ngazi mpya wakiangalia wanawake 11 nyuma ya grili. Mzee wa goti bovu alikuwa ameegemea mkongojo, anatikisa kichwa polepole.

Mshenga wao ni mtu wa maneno. Alisubiri tukae kwenye viti vya plastiki barabarani, bajaji zikitupigia honi, ndipo akaanza: "Sisi ni wapita njia. Tulipopita hapa tukaona ua." Akageuka dirishani, akachungulia. "Lakini wenzetu, ua mbona mmeliwekea nondo?"

Wakacheka wote. Na bibi harusi akacheka, nilimsikia.

Likaja suala la chakula. Pilau iko ndani, walaji wako nje. Sinia halipiti katikati ya nondo za dirisha. Sahani inapita kwa ubavu, lakini ikipita kwa ubavu pilau inabaki ndani. Shangazi mkubwa ndiye aliyepata akili: sahani zikae nje, upawa utoke. Basi ukweni kwetu wakapanga foleni dirishani kama kwa muuza chipsi, kila mtu amenyanyua sahani yake, mshenga ametangulia. "Mama, mimi nitilie ya mfupa." Kachumbari ilipita vizuri. Ndizi zilipita moja moja. Watoto wa mtaani nao wakaingia kwenye foleni wakapewa, maana toka mle ndani shangazi alikuwa anaona mikono tu.

Mshenga alipokuwa akilamba vidole ndipo aliponisogelea. "Hivi, bwana, si mnajua kijana wetu anafanya kazi gani?"

Nilijua. Nilikuwa najua toka alfajiri. Lilikuwa limenikaa kooni.

Alifika na bodaboda baada ya dakika 20, kanzu mpya ya kusubiria simu ya heri, miwani ya kazi imekaa juu ya kofia, grinda kwapani. "Shikamoo baba," akaniambia. Sikupata kuitikia marahaba kwa sauti ndogo kama ile. Akapiga goti moja kwenye kidato cha juu, akapapasa miguu ya geti mmoja mmoja. Hakuuliza nani alifanya. Waya wa umeme ukatolewa dirishani, wanawake wakarudi nyuma wamejifunika kanga usoni, na cheche zikaruka mpaka barabarani. Bibi harusi hakurudi nyuma. Alisimama palepale anazihesabu.

Miguu sita ilikatwa kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa. Geti likafunguka lenyewe, likilia. Mama akatoka wa kwanza, akamshika kijana kichwani, akamwombea dua ndefu. Mimi akanipita.

Kwa kuwa sasa palikuwa na mlango, mkutano ukahamia ndani. Watu wote wale wakapanda zege lenye umri wa saa 19. Mzee wa goti alipanda akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akasifia: "Hizi ngazi zimelingana, hazina mfano." Akapiga hatua ya tano, akajikwaa kwenye vile visiki sita vya chuma vilivyobaki vimechomoza, akadakwa na mshenga.

Sebuleni ikasomwa orodha. Mkaja wa mama, wakatoa. Kilemba, wakatoa. Mshenga akafika pale nilipopaandika mimi, akavaa miwani ya kusomea, akaivua. "Hapa wazee mmeandika kifungua mlango, laki mbili." Akatazama mlangoni, ambako kijana alikuwa anakung'uta vumbi la chuma kwenye kanzu. "Nilitaka tu kuuliza kama bado tunadaiwa."

Nilifungua mdomo. Mjomba, ndugu wa damu wa mama yangu, akaniwahi: "Hamdaiwi kitu."

Jumatatu fundi akarudi toka msibani kufuata salio lake. Sikusikia hodi mlangoni. Alikuwa anagonga dirishani. Mama akamwambia, "Fundi, pita tu mlangoni, siku hizi unafunguka."

Fundi akazitazama zile ngazi: tundu la mkongojo kidato cha tatu, pembe iliyomeguka, nyayo za paka, visiki.

"Nimeona, mama," akasema. "Lakini zege halijatimiza siku saba. Nipitishie hapahapa."