Tumbo la Mama Mdogo Halihitaji Kuongezewa Kinga

Februari iliyopita, msimu wa korosho ulipokuwa umekwisha, mama yangu mdogo aliteremka kutoka Newala akaja kukaa kwetu Mtwara kwa wiki chache. Usiku wa kwanza, tulipomaliza kula, alifungua mkoba wake, akatoa mfuko na kuumwaga mezani: karatasi tatu za maabara, maganda matupu ya vidonge, na kopo la unga wa kijani lenye kifuniko chekundu. Karatasi zote tatu zilikuwa za kipimo cha damu cha bakteria wa tumbo, zimeandikwa katika muda wa miaka miwili, na zote zilikuwa na neno lile lile lililopigiwa mstari kwa kalamu, chanya. Kila alipopewa karatasi alipewa na dozi ya siku 14, akameza mpaka kidonge cha mwisho, akapata nafuu ya wiki chache, kisha maumivu ya chembe ya moyo yakarudi. Ule unga aliuziwa stendi kwa shilingi 30,000.

“Wameniambia kinga yangu imeshuka, mwanangu,” alisema, “ndiyo maana hawa wadudu hawatoki.”

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si tabibu, na sina haki ya kumwandikia mtu dawa. Hata hivyo maneno yale yalinikera, kwa kuwa yanaligeuza jambo lenyewe kichwa chini miguu juu. Katika ugonjwa huu kinga haijashuka. Iko macho usiku na mchana kwa miaka 30 au 40, na sehemu kubwa ya madhara anayoyapata mgonjwa hutokana na hiyo kazi yake isiyokoma. Kumuuzia mtu wa namna hiyo dawa ya kuongeza kinga, hata kama dawa yenyewe ingekuwa na nguvu inayodaiwa, ni kumwongezea kuni kwenye moto.

Nadhani kosa linaanzia kwenye jina. Huku kwetu kila tumbo linalowaka huitwa vidonda vya tumbo, hata pale ambapo hakuna kidonda. Hali waliyo nayo wengi ni uvimbe sugu wa ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula (simaanishi uvimbe wa nundu, bali ule wekundu na ujoto unaouona mguuni ulikochomwa na mwiba). Kidonda halisi ni hatua ya mbele zaidi, na kati ya watu kumi wenye bakteria ni kama mmoja tu, au zaidi kidogo, anayeifikia. Wengine huishi na uvimbe huo maisha yao yote bila kuhisi lolote.

Bakteria mwenyewe ni Helikobakta pailori, ambaye karatasi za maabara humwandika kwa kifupi H. pylori. Kabla hajajulikana, waganga wa dunia nzima walilaumu mawazo, pilipili na tindikali, kama wazee wetu wanavyolaumu mbaazi hadi leo. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara baada ya sahani za kuoteshea kuachwa kwa siku nyingi kuliko kawaida wakati wa sikukuu ya Pasaka. Watu walipoendelea kuwatilia shaka, Marshall alikunywa bakteria hao mwaka 1984; baada ya siku chache alishikwa na kichefuchefu na kutapika, na kamera ilipoingizwa tumboni ilikuta ukuta umeshavimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huwaeleza wanafunzi wangu kisa hiki, nikiongeza kwamba wasikijaribu.

Kwa kawaida bakteria huyu humwingia mtu utotoni, ndani ya familia, kwa njia ya mate, matapishi, au maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Bibi anayemtafunia mjukuu wake muhogo kabla ya kumtia mdomoni anaweza kumpa na bakteria huyo, bila kukusudia. Bakteria akifika kwenye mfuko wa chakula, ambamo tindikali ni kali kiasi cha kuua vijidudu wengi, hutumia kimeng'enya kiitwacho yurease kuivunja yurea iwe amonia, na amonia hiyo huizimua tindikali inayomzunguka. Kisha kwa mikia yake hujisukuma ndani ya ute mzito unaoufunika ukuta, akakaa humo, karibu kabisa na seli zetu lakini nje ya nyama yenyewe.

Makao hayo ndiyo yanayoleta balaa. Seli za ukuta humtambua, hasa akiwa wa ile aina yenye kijisindano cha kuingizia protini ya CagA ndani ya seli, nazo hutoa wito wa kemikali, mojawapo ikiwa ile iitwayo intalukini 8. Wito huo huwaleta nyutrofili, ambao ni askari wa mstari wa mbele miongoni mwa seli nyeupe za damu. Nyuma yao hufuata seli T, zinazotoa sitokini (kemikali ambazo seli huzitumia kupashana habari) za kuchochea zaidi, na seli B, zinazotengeneza kingamwili. Jeshi zima hujazana ndani ya ukuta, ilhali adui yuko upande wa pili, kwenye ute. Nyutrofili hufyatua kemikali kali za oksijeni, ambazo bakteria anavyo vimeng'enya vya kuzizimua, na ambazo seli za mwenyeji huumia nazo. Ni sawa na mtu anayewasha moto chini ya mikorosho yake ili amfukuze ngedere aliyekaa kwenye mti wa jirani.

Naye ngedere huyu ni mjanja. Ganda lake la nje limebadilika hata haliwashtui walinzi wa mwili kama yanavyowashtua maganda ya bakteria wengi wengine, na baadhi ya aina zake zimejivika sukari zinazofanana na zilizo juu ya seli zetu wenyewe. Protini yake nyingine, VacA, huzuia seli T zisizaliane. Isitoshe, mwili wenyewe hupeleka pale seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kupunguza ghasia ili ukuta usiharibike wote kwa mara moja. Kwa hiyo vita haviishi na hakuna anayeshinda, na bila dawa bakteria hukaa humo maisha yote.

Ukitaka kujua kama wingi wa kinga ndio unaomfaa mgonjwa, watazame watoto. Watoto wenye bakteria huyu kwa kawaida huwa na uvimbe mdogo kuliko watu wazima wenye bakteria yule yule, na seli zao za kutuliza ndizo zinazoshika usukani zaidi. Tazama tena upande wa saratani. Uvimbe ukikaa zaidi sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, karibu na tundu la kutokea, homoni ya gastrini huongezeka, tindikali huzidi, na kidonda hutokea mara nyingi mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Ukienea sehemu ya juu zaidi, penye seli zinazotengeneza tindikali, seli hizo hufa polepole na ukuta hunyauka. Kwa wachache, mmoja hadi watatu katika kila watu 100 wenye bakteria, safari hiyo ya miongo mingi huishia kwenye saratani, na ndiyo sababu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa watu wa Uskoti na Poland, ambao ndani yake waliorithi jeni zinazohusishwa na utoaji mwingi wa sitokini iitwayo intalukini 1 beta walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi. Waliokuwa na mwitikio mkali ndio waliokuwa hatarini.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu chanjo, kwani chanjo nayo ni kuiamsha kinga. Ni kweli kwamba nchini China chanjo ya kunywa ilijaribiwa kwa watoto, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ilizuia takriban maambukizi 7 kati ya kila 10 katika mwaka wa kwanza. Lakini watoto wale walikuwa hawajaambukizwa bado, na walifundishwa shabaha moja mahsusi kabla adui hajaingia ndani. Kopo la stendi halifundishi shabaha yoyote.

Nirudi kwenye zile karatasi tatu, maana ndizo zilizonisumbua kuliko unga. Kipimo cha damu cha aina ile hakimtafuti bakteria. Hutafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ambayo kinga imejiwekea. Kumbukumbu hiyo hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, baada ya bakteria kwisha. Mtu aliyepona kabisa akipimwa damu anaweza kuambiwa chanya, akapewa antibiotiki tena, na tena, huku bakteria wengine wa mwilini mwake wakijifunza usugu bure. Sioni sababu ya kuendelea kumwuliza mgonjwa aliyekwisha kutibiwa swali ambalo jibu lake tunajua halina maana. Kipimo cha choo kikubwa, ambacho humtafuta bakteria mwenyewe, kipo, na ndicho cha kufanya wiki nne au zaidi baada ya dozi kwisha. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda bila sababu asingoje hata hicho, aende hospitali kubwa akaingizwe kamera.

Mama mdogo nilimsindikiza hospitali. Tabibu alimwambia kwanza aache omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, kwa wiki mbili, kwa sababu dawa hiyo huwapunguza bakteria kiasi cha kukifanya kipimo kiseme hawamo, kumbe wamo. Zilikuwa wiki mbili ndefu, za uji na malalamiko. Majibu yalikuja hasi. Bakteria hakuwamo, na huenda alikuwa ametoka tangu dozi ya kwanza.

Ndipo tabibu akamuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza kwa miaka miwili: “Mama, mbali na dawa za tumbo, unameza nini kingine?”

“Sina dawa nyingine, mwanangu,” alijibu. “Labda vile vya kiuno tu.”

Vile vya kiuno vilikuwa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu. Kuanzia Oktoba, wakati wa kuokota korosho, ambapo mtu hushinda ameinama chini ya mikorosho tangu asubuhi, alikuwa akimeza viwili kila jioni, na msimu ulipokwisha aliendelea navyo kwa mazoea, mara nyingi kabla ya kula. Dawa hizo huzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoulinda ukuta wa tumbo, zile zinazodumisha ute na mtiririko wa damu, na kwa njia hiyo huweza kuuchubua hadi kidonda pasipo bakteria yeyote. Akapewa nyingine ya maumivu, isiyo ya jamii ile, pamoja na omeprazo ya wiki kadhaa ili ukuta upone.

Alirudi Newala anakula ming'oko bila kujishika kifuani. Kopo lenye kifuniko chekundu lilibaki juu ya kabati langu, na wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza kama nimelitupa, kwa sababu aliyemuuzia amemwambia kwamba unga ule unafaa pia kwa kiuno.