Mbwa naye ana moyo

Jamani, hivi mnawezaje kulala? Jirani kamfungia mbwa kwenye banda la bati tangu alfajiri, jua la Dar linawaka kama tanuri, bakuli la maji limekauka kau. Analia mchana kutwa. Akilia, jiwe! "Nyamaza wewe!" Anyamazeje? Mbwa ni mnyama wa kundi, upweke unamtesa kama njaa. Halafu usiku mnamfungulia, mnataka awalinde. Kwa mapenzi yapi? Tangu 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, lakini ni wangapi tunaijua? Mtembezeni basi. Mwiteni kwa jina. Dakika 10 tu za kukaa naye, mtaona mkia unavyotikisika mpaka kiuno kinacheza!