Karatasi ya Maabara Ilifika Siku ya Tano

Shangazi yangu alilazwa katika hospitali moja mashariki mwa Uganda, homa kali na kiuno kikimuuma upande mmoja. Niliyemuuguza ni mimi, usiku nikilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Kila siku alidungwa antibayotiki iitwayo seftriaksoni, na homa ikabaki palepale. Siku ya tano majibu ya mkojo yakarudi: Escherichia coli (E. coli), bakteria wa utumboni, na mbele ya majina ya dawa R, R, R, mpaka chini kabisa ndipo nikaona S mbili. R ni usugu, S ni dawa ambayo bado inamweza bakteria. Seftriaksoni ilikuwa na R. Siku tano tulikuwa tunanunua dawa isiyofua dafu!

Watafiti wanaosoma jeni za bakteria kwenye kinyesi cha wagonjwa wanaijua sababu. Jeni iitwayo CTX-M-15 humwezesha bakteria kutengeneza kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Mara nyingi jeni hiyo hubebwa na plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa aina nyingine, kama E. coli kwa Klebsiella. Wakikaa utumboni tu, mwenye utumbo haumwi chochote. Lakini kila akimeza antibayotiki, bakteria dhaifu hufa na sugu hupata nafasi. Akija kuwekewa mpira wa mkojo, hao ndio wanaopanda hadi kwenye kibofu. Hapo Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, watafiti wamekwisha kuwakuta bakteria wanaoshinda hata karbapenemu, dawa tunazoziweka akiba.

Kazi hiyo naiheshimu sana, kwa kuwa jeni zinaweza kuonyesha kama wagonjwa wa vitanda viwili wana bakteria wa ukoo mmoja, yaani pengine mikono yetu ndiyo iliyowabeba. Ila naona wodi inasahaulika. Mkojo uchukuliwe uoteshwe maabara kabla ya sindano ya kwanza, si baada ya dawa kushindwa. Na sabuni iwepo. Pale kwetu wauguzaji wa vitanda sita tulinawa kwa jagi moja, na mpini wake ulikuwa unateleza.

Shangazi alibadilishiwa dawa, akapewa yenye S, na siku ya pili akaomba uji. Tulipoondoka, mama wa kitanda cha jirani, ambaye binti yake alinawa kwa jagi lilelile, alikuwa bado anadungwa seftriaksoni. Mkojo wake haukuwa umepelekwa popote.